Kutoa Upepo Hakutengenezi Breki Iliyoharibika

Breki za gari dogo hutegemea oili iliyofungiwa ndani ya mabomba. Dereva anapokanyaga pedali, pistoni ya masta silinda huisukuma oili hiyo, nayo hupeleka msukumo hadi kwenye kila gurudumu, ambako pistoni nyingine hubana pedi kwenye diski au hutanua viatu vya breki ndani ya dramu. Gari la Duesenberg lilitolewa Marekani mwaka 1921 likiwa na breki za namna hii kwenye magurudumu yote manne, na msingi wake haujabadilika: oili haishindiliki, hewa hushindilika. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22 ikiingiwa na hewa ya sentimita za ujazo mbili tu, pistoni hupoteza karibu milimita tano za mwendo wake kwa kuishindilia hewa hiyo. Mguu wa dereva husafiri mara nne au tano zaidi ya pistoni, kwa hiyo pedali hushuka sentimita mbili na zaidi kabla breki haijaanza kushika.

Kutoa upepo, yaani kuiondoa hewa hiyo, basi, ni kazi ya lazima. Kosa liko kwenye rai iliyoota juu ya kazi hiyo.

Rai yenyewe husikika pwani nzima, na Kisiwa cha Pate, kimoja cha visiwa vya Lamu nchini Kenya, kina sababu ya kuishikilia kuliko mahali pengi. Kijiji cha Chundwa kiko upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa, jirani na Faza, Mbwajumwali na Kizingitini. Magari ni machache, na kila gari lililoko huko lilivushwa kwa chombo. Mwenye kutaka gereji yenye vifaa na duka la vipuri lenye akiba hana budi kuvuka bahari hadi Mokowe, na akikosa huko, aendelee kwa barabara zaidi ya kilomita mia mbili hadi Malindi. Mtu aliyezungukwa na hali hiyo husema hivi: breki ikilegea, upepo umeingia; upepo hutolewa nyumbani na watu wawili, spana moja na chupa; oili ikipungua huongezwa yoyote iliyopo; na hata kazi isipokuwa safi sana, gari la kisiwani haliendi mbio, kwa hiyo hakuna hatari ya kutajika. Kungoja fundi wa ng'ambo ni kupoteza siku na fedha.

Hoja hizo zimetoka kwa watu wenye akili na uzoefu wa mitambo. Wavuvi wa upande huu hufungua na kufunga mashine za boti kila msimu, na hakuna sababu ya kuwaambia kwamba spana ni ya wenye vyeti peke yao. Lakini kila moja ya hoja hizo ina kasoro, na kasoro zikiungana hutoa gari linaloonekana limetengenezwa huku likiwa halina breki.

Dai la kwanza: breki ikilegea, upepo umeingia

Mfumo wa breki ulio mzima hauzalishi hewa. Ukiwa umefungwa vizuri unaweza kukaa miaka bila hata povu moja. Hewa huingia kwa njia zinazojulikana: tangi dogo la oili limeachwa likakauka, bomba au silinda imefunguliwa kwa matengenezo, raba ya silinda ya gurudumu imechakaa, au mpira wa breki umepasuka. Njia nyingine ni oili iliyojaa maji kuchemka na kufanya mvuke. Mwenye gari anayetoa upepo leo na kulazimika kuutoa tena mwezi ujao ameshapata jibu la swali ambalo hakuliuliza: pana tundu. Hakuna baharia anayeridhika kufua maji kila siku na kuiacha mbao bila kukalafatiwa, lakini breki za gari hutendewa hivyo hivyo mwaka mzima, na anayetoa upepo kwa mara ya nne huitwa mzoefu.

Zaidi ya hapo, pedali inayoshuka haina maana moja. Mguu wenye subira unaweza kutofautisha hali kadhaa kabla spana yoyote haijatolewa mfukoni. Pedali inayobonyea na kusukuma mguu kurudi, kisha ikapanda kidogo inapokanyagwa mara kadhaa, ina hewa ndani. Pedali inayoshuka sana lakini ikifika chini inakuwa ngumu kabisa, na kwa kanyago la pili inashika juu zaidi, mara nyingi haina hewa hata chembe: viatu vya breki za nyuma vimelika na viko mbali na dramu, na kirekebishi chake kimeganda kwa kutu. Hapo dawa ni kufungua dramu, kusafisha na kurekebisha. Oili inaweza kupitishwa lita nzima bila pedali kupanda kwa upana wa kidole.

Hali ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Pedali inashika juu, gari linasimama, lakini mguu ukiendelea kukandamiza kwa utulivu pedali inazama polepole hadi sakafuni, na nje hakuna tone lililomwagika. Hizo ni raba za ndani za masta silinda. Oili inazipita na kurudi ilikotoka. Kutoa upepo kwenye gari la namna hiyo hakugusi ugonjwa. Kunauficha, kwa sababu oili mpya na kanyago la haraka humpa dereva pedali nzuri kwa siku mbili tatu, naye huamini amepona. Ipo pia hali ya pedali kushuka ghafla hadi nusu huku breki zikishika kwa nguvu kidogo. Magari yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kawaida yana njia mbili za oili, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Dereva anayehisi dalili hiyo na kusema "ni upepo tu" anaendesha gari kwa njia iliyobaki bila ya kujua.

Nayo oili iliyopungua tangini husomwa vibaya kwa namna mbili. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa husogea mbele na oili hushuka kidogo kwenye tangi. Hilo ni jambo la kawaida. Anayeijaza hadi ukingoni atashangaa inapofurika siku ya kufunga pedi mpya. Lakini oili inayoshuka kwa wiki chache haijaliwa na pedi. Imetoka nje, na ilikotoka hewa hupata njia ya kuingia.

Dai la pili: watu wawili, spana na chupa

Kwa idadi ya vifaa dai hili ni la kweli. Mmoja hukanyaga, mwingine hufungua nipeli ya kutolea upepo kwenye gurudumu, mrija unaoonyesha ndani unaongoza oili hadi kwenye chupa, na ncha ya mrija inazama ndani ya oili safi ili hewa isirudi. Nipeli hufungwa kabla mguu haujainuka. Hakuna hapo la kumshinda mtu mzima.

Linaloharibu ni yale yanayofanywa ndani ya utaratibu huo kwa mazoea. La kwanza ni kupampu pedali kwa kasi hadi sakafuni. Kasi huvunja hewa kuwa mapovu madogo yanayoning'inia ndani ya oili na kukataa kutoka. Kuifikisha pedali sakafuni ni kubaya zaidi: katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda haifiki mwisho wa silinda, na sehemu hiyo isiyofikiwa hukusanya kutu na uchafu, hasa kwenye gari kuukuu linaloishi kwenye hewa ya chumvi. Raba laini zinapoburutwa juu ya kutu hiyo hukatika. Mtu alianza kazi akiwa na upepo kwenye gurudumu moja, akamaliza akiwa na masta silinda iliyokufa. Kipande cha ubao chini ya pedali kinazuia hasara hiyo, na Chundwa haikosi mbao.

La pili ni mpangilio wa magurudumu. Maelekezo mengi yanayosambaa yanasema kazi ianze gurudumu la nyuma la kulia. Yameandikwa kwa magari yenye usukani wa kushoto. Kanuni ya zamani ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kwenye magari ya Kenya, ambayo usukani wake uko kulia na masta silinda upande huo huo, gurudumu hilo ni la nyuma kushoto. Hata kanuni hiyo si ya magari yote: yaliyogawanywa njia za oili kwa mshazari, gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa pili, hufuata mpangilio wa kiwanda. Nayo Toyota Hilux na Land Cruiser nyingi zina vali ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma, yenye nipeli yake yenyewe. Anayezunguka magurudumu manne na kuisahau vali hiyo anaacha hewa katikati ya bomba, kisha anailaumu oili.

Nipeli zenyewe zinahitaji heshima. Kwenye unyevu wa bahari hushikana na kalipa kwa kutu, na anayezivamia kwa koleo au spana ya mdomo wazi huzila pembe au kuzikata kabisa. Nipeli iliyokatika ndani ya kalipa haitoki kwa ubishi. Hutaka kuchimbwa, au kalipa nyingine. Spana ya ringi inayokaa sawasawa, mafuta ya kulainisha kutu yaliyowekwa tangu jana yake, na kugongagonga kidogo kabla ya kuzungusha: kazi hiyo ya maandalizi ni ndefu kuliko kutoa upepo kwenyewe, na ndiyo inayorukwa.

Kisha kuna kusahau tangi. Oili inapotoka chini, tangi hushuka juu, na likikauka mara moja tu masta silinda hunyonya hewa na kazi yote huanza upya. Kwenye magari yenye ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande wakati wa kufunga breki, hewa hiyo inaweza kuingia kwenye kifaa chenye vali nyingi ndogo, na kwa baadhi ya magari haitoki bila kompyuta ya kuamrisha vali hizo zifunguke. Kompyuta hiyo si kifaa cha kutarajiwa nyumbani kwa mtu Chundwa. Huo ndio mpaka halisi wa kazi ya nyumbani.

Jambo la mwisho kwenye dai hili halihusu breki, linahusu uhai wa anayelala chini ya gari. Jeki juu ya mchanga huzama au kuinama. Ubao mpana chini yake ni wa lazima, na magurudumu yanayobaki chini hufungiwa vizuizi. Gari lisiegemezwe kwenye mawe ya matumbawe yanayojengewa nyumba. Mawe hayo hubeba ukuta kwa karne nyingi kwa sababu uzito umetandazwa juu yake, lakini uzito wa gari ukikaa kwenye ncha moja yanaweza kupasuka bila onyo.

Dai la tatu: oili ni oili

Hili ndilo dai lenye madhara makubwa kuliko yote, na kwenye kijiji cha wavuvi lina kishawishi cha pekee: oili iliyo rahisi kupatikana ni ile ya kuchanganya na petroli ya mashine za boti. Iko karibu, ni safi, na inateleza. Ikimiminwa kwenye tangi la breki huanza kazi nyingine kabisa. Raba za breki zimetengenezwa kuhimili oili za glaikoli. Zikikutana na mafuta ya petroli, ya injini, ya gia au ya boti, huvimba na kulainika. Pistoni hukwama, breki hushika na kukataa kuachia, na baadaye raba huvurugika. Kiasi kidogo kinatosha kuchafua mfumo mzima. Hakuna kusafisha kunakoziokoa raba zilizokwisha kuvimba: masta silinda, silinda za magurudumu, kalipa na mipira yote hubadilishwa raba au kutupwa.

Hata kati ya oili za breki zenyewe pana tofauti. Alama ya DOT inatokana na viwango vya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ichemke kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi, na ikishaingiwa na maji kwa karibu asilimia 3.7 kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Zote mbili ni za glaikoli na huweza kuchanganywa pale inapobidi. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo, ingawa DOT 5.1, ambayo jina lake linafanana nayo, ni ya glaikoli. Mfuniko wa tangi la gari huandikwa aina inayotakiwa. Kuusoma hakuhitaji gereji.

Glaikoli hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya visiwa vya Lamu ina maji mwaka mzima, iwe kusi au kaskazi. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni tangu mwaka jana imeshaharibika hata kama imejaa, na chupa kubwa ya bei nafuu kwa mtu mwenye gari moja ni hasara. Vivyo hivyo oili iliyotoka kwenye nipeli. Wako wanaoiacha itulie, wakaimimina tena tangini kwa kuona ni safi. Ina mapovu yasiyoonekana, ina maji, na ina vumbi la raba na kutu lililokuwa chini ya silinda. Kuirudisha ni kubatilisha kazi iliyofanywa saa hiyo hiyo.

Pa kuimwaga nako kuna gharama ambayo haihesabiwi. Vijiji vya Pate hutegemea visima na jabia za maji ya mvua. Glaikoli huyeyuka kwenye maji, ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, na mchanga hauizuii. Ifungwe kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto, hadi itakapopata njia ya kutoka kisiwani.

Dai la nne: gari la kisiwani haliendi mbio

Sehemu ya dai hili ni ya kweli na ikubaliwe. Pate ni kisiwa tambarare. Hakuna mteremko kama wa kutoka Lushoto kushuka Mombo kule Tanzania, ambako dereva hukanyaga breki kwa dakika nyingi mfululizo na oili iliyojaa maji inaweza kuchemka. Gari la Chundwa halitaichemsha oili yake kirahisi.

Lakini maji ndani ya oili yana kazi ya pili, nayo haingojei mteremko. Hula chuma. Silinda za magurudumu hupata mashimo ya kutu, pistoni za kalipa hukwama, na nje ya bomba chumvi inafanya kazi ile ile kutoka upande wa pili. Gari linaloegeshwa siku nyingi bila kutembea, kama yalivyo magari mengi ya visiwani, huumia zaidi ya lile linalotembea kila siku. Hapo ndipo dai linapojipinga lenyewe: gari likitumika kidogo, oili yake inahitaji kubadilishwa kwa kalenda, kila miaka miwili au chini ya hapo, si kwa kilomita. Wenye rai hii hawabadilishi oili kamwe. Huiongeza tu.

Na mwendo wa polepole haumlindi anayegongwa. Njia za vijiji ni nyembamba, watoto hutokea vichochoroni, punda husimama pasipotarajiwa, na magari yenyewe hubeba watu na mizigo kupita kiasi. Gari la tani mbili lenye mwendo wa kilomita ishirini kwa saa likikosa breki mita tano kabla ya mtoto lina uzito ule ule lililokuwa nao Mombasa. Hospitali yenye uwezo, kwa aliyeumia vibaya, iko ng'ambo ya bahari. Umbali unaotumiwa kutetea kazi hafifu ndio unaoifanya kazi hafifu kuwa mbaya zaidi huku kuliko mjini.

Dai la tano: kumngoja fundi ni gharama

Gharama ya fundi huonekana kwa sababu hulipwa siku moja. Ile ya kutoa upepo kila mwezi hutawanyika: chupa ya oili leo, nyingine baada ya wiki sita, pedi zilizolowa oili iliyovuja na kutupwa kabla ya wakati, rangi ya gari iliyobanduka mahali glaikoli ilipomwagika bila kuoshwa kwa maji, kisha masta silinda inayoagizwa kwa basi na boti. Raba za silinda moja ya gurudumu ni kitu chepesi cha kutiwa kwenye bahasha. Zingeagizwa mara ya kwanza oili ilipoanza kushuka, orodha yote hiyo isingekuwepo.

Kazi ya nyumbani inayostahili jina lake huanza na ukaguzi. Magurudumu yote hutolewa, kila bomba, mpira na silinda hutazamwa, vifuniko vya vumbi vya silinda za nyuma huinuliwa kuona kama pana unyevunyevu, na viatu hurekebishwa. Kilichovuja hubadilishwa. Ndipo oili mpya hupitishwa, gurudumu kwa gurudumu, hadi itoke safi bila povu. Baada ya hapo pedali hukandamizwa kwa nguvu dakika nzima injini ikiwa imezimwa, na isisogee. Injini ikiwashwa mguu ukiwa bado juu yake, pedali hushuka kidogo kisha husimama. Hiyo ni busta, kifaa cha kuuongezea nguvu mguu wa dereva, inayofanya kazi, na wengi huidhania kuwa upepo uliobaki na kuanza upya bila sababu. Mwisho gari huendeshwa taratibu mahali peupe, breki ya mkono ikiwa tayari, kwa kuwa yenyewe hutumia waya na haitegemei oili.

Pedali inayozama katika dakika hiyo moja imeshatoa uamuzi. Gari hilo lisipakie abiria wa gati la Mtangawanda, lisipelekwe Faza hata kwa mwendo wa punda, na mwenyewe asishawishike kutoa upepo mara nyingine. Liegeshwe hadi masta silinda ifike.